Vimiminika vya Gari, Sehemu ya Nne: Maji ya Kioo cha Mbele na Tatizo la Kuganda

Maji ya kuoshea kioo cha mbele hukaa katika tangi dogo la plastiki chini ya boneti. Dereva akivuta mkono wa waipa, pampu ndogo ya umeme huyasukuma kupitia mipira myembamba hadi kwenye vitundu vilivyo chini ya kioo, na waipa hufagia uchafu uliolowa. Tangi la gari dogo kwa kawaida huchukua lita 2 hadi 5. Katika nchi zenye majira ya baridi kali, sharti la kwanza la kimiminika hiki ni kutoganda. Gisimenti, katika sekta ya Remera, wilaya ya Gasabo jijini Kigali, haina baridi ya namna hiyo. Hata hivyo magari yanayopita hapo hutengenezwa, na mengi huwa yametumika kwanza, katika nchi zilizo nayo. Anayejua kinachozuia kuganda na kazi yake atajua pia nini cha kutia ndani ya tangi mahali pasipo na theluji.

Madhara ya kuganda

Maji matupu huganda kwenye nyuzi sifuri, na yakiganda huongezeka ukubwa kwa karibu asilimia 9. Ongezeko hilo hupasua tangi, huchomoa mipira kwenye viungo vyake na huvunja pampu. Vitundu vya kutolea maji ndivyo huziba kwanza, kwa sababu vina maji machache na vimekaa kwenye upepo. Dereva akiendelea kuvuta mkono wa waipa, pampu hushindana na barafu mpaka fyuzi yake inakatika au mota inaungua. Hatari kubwa zaidi iko juu ya kioo chenyewe: maji yakirushwa juu ya kioo chenye baridi kali huganda papo hapo, na gari linaendelea kwenda huku dereva haoni mbele.

Jinsi kuganda kunavyozuiwa

Kitu chochote kinachoyeyuka katika maji huzizuia molekuli za maji zisijipange kuwa barafu, hivyo maji huhitaji baridi zaidi ili yagande. Kiasi cha kushuka hutegemea zaidi idadi ya molekuli zilizoongezwa kuliko aina yake: kila moli moja katika kilo moja ya maji hushusha kiwango cha kuganda kwa nyuzi 1.86. Chumvi na sukari nazo hufuata kanuni hiyo, lakini chumvi hula chuma na sukari hunata kwenye kioo. Kinachofaa ni alkoholi, kwa kuwa huchanganyika na maji kwa kiwango chochote, huyeyusha mafuta na hukauka bila kuacha alama.

Alkoholi zinazotumika zaidi ni methanoli, ethanoli na isopropanoli. Molekuli ya methanoli ndiyo nyepesi kuliko zote tatu, kwa hiyo kilo moja ya methanoli ina molekuli nyingi kuliko kilo moja ya ethanoli. Mchanganyiko wenye methanoli asilimia 20 kwa uzito huganda kwenye nyuzi 15 hivi chini ya sifuri, ilhali ethanoli kwa kiwango hicho hicho hufika nyuzi 11 hivi. Methanoli ikifika asilimia 30, mchanganyiko hustahimili takriban nyuzi 26 chini ya sifuri. Kwa nguvu hiyo, na kwa kuwa ni rahisi kwa bei, methanoli imetumika sana huko Amerika Kaskazini.

Kiwango kinachoandikwa kwenye chupa ni cha kimiminika kikiwa bado ndani ya chupa. Kikishasambaa juu ya kioo mambo hubadilika: alkoholi hupaa upesi kuliko maji, upepo wa mwendo hukizidishia kioo baridi, na tabaka linalobaki huwa na maji mengi kuliko lilivyoanza. Kimiminika cha nyuzi 10 chini ya sifuri chaweza hivyo kuganda kwenye kioo kabla baridi haijafika kiwango hicho. Mnyarwanda au Mkenya aliyehamia Brussels au Ottawa hushauriwa achague kimiminika chenye akiba ya kutosha, asikipunguze makali kwa maji, na amalize maji ya majira ya joto kabla ya kutia mapya. Baada ya kujaza, arushe maji mara kadhaa hadi yale mapya yafike kwenye vitundu, kwa kuwa yaliyosalia ndani ya mipira ndiyo huganda kwanza. Kioo kilichofunikwa barafu hakimwagiwi maji ya moto, maana badiliko la ghafla la joto hukipasua.

Baridi ya Kigali na baridi ya milimani

Kigali iko karibu na ikweta, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,500. Wastani wa joto lake ni nyuzi 20 na kitu, na usiku hushuka hadi nyuzi 15 hivi. Ukungu unaoonekana kwenye vioo vya magari yaliyolala nje Gisimenti ni umande tu. Huondoka kwa waipa na feni ya gari.

Joto la hewa hupungua kwa nyuzi 6.5 hivi kwa kila mita 1,000 za kupanda. Kutoka usiku wa Kigali wa nyuzi 15 hadi sifuri ni lazima kupanda zaidi ya mita 2,000, yaani kufika karibu mita 3,800 juu ya usawa wa bahari. Hakuna barabara ya magari nchini Rwanda inayofika huko. Kinigi, chini ya milima ya volkano, iko kwenye mita 2,200 hivi, na barabara ya msitu wa Nyungwe hukaribia mita 2,500. Kilele cha Karisimbi, chenye mita 4,507, hupata mvua ya mawe na wakati mwingine theluji, lakini hufikiwa kwa miguu.

Kanuni hiyo ya mwinuko inahusu hewa, na kioo huweza kuwa baridi kuliko hewa inayokizunguka. Usiku usio na mawingu, katika hewa kavu, kioo hupoteza joto lake kuelekea angani. Ndiyo sababu katika uwanda wa Kitulo wilayani Makete, kusini mwa Tanzania, sakitu huonekana asubuhi za Juni na Julai ingawa mwinuko wake ni mita 2,600 hivi. Dereva anayelaza gari huko katika miezi hiyo ana sababu ya kutia ethanoli kidogo katika maji yake. Wa Gisimenti hana.

Kimiminika cha baridi kinapofika penye joto

Rwanda huendesha upande wa kulia wa barabara, kwa hiyo magari yake huwa na usukani wa kushoto na mengi yaliyotumika hutoka katika nchi zenye utaratibu huo, zikiwemo za Ulaya. Gari lililoondoka huko wakati wa baridi laweza kufika Kigali likiwa na kimiminika cha baridi ndani ya tangi. Kwa chombo hakina dhara kubwa, na alkoholi yake hupungua taratibu kwa joto. Kwa binadamu mambo ni mengine ikiwa alkoholi hiyo ni methanoli.

Ini hugeuza methanoli kuwa formaldehidi, kisha asidi ya fomiki, ambayo huharibu mshipa wa fahamu wa macho. Vijiko vichache vyaweza kupofusha, na kiasi kisichozidi sana hicho huua. Dalili huweza kukawia kwa saa 12 hadi 24, hivyo aliyeinywa hupelekwa hospitali mara moja hata kama anaonekana mzima. Rwanda iliufahamu ubaya wa sumu hii mwishoni mwa mwaka 2021, watu walipofariki huko Bugesera baada ya kunywa pombe iliyochanganyika nayo. Umoja wa Ulaya, kwa kanuni ya mwaka 2018, uliamua kuwa maji ya kioo yanayouzwa kwa wananchi yasifikishe methanoli asilimia 0.6. Kimiminika kinachotolewa kwenye tangi kisihamishiwe kamwe kwenye chupa ya maji ya kunywa au ya soda, kwa kuwa rangi yake ya samawati humvutia mtoto.

Kinachofaa Gisimenti

Kutohitaji dawa ya kuganda si ruhusa ya kujaza maji matupu miaka nenda rudi. Bakteria wa lejonela, wanaosababisha nimonia kali, huzaliana katika maji yaliyotuama yenye nyuzi 20 hadi 45, na tangi lililo karibu na injini huwapa joto hilo. Mwaka 2010 watafiti wa afya ya jamii nchini Uingereza walieleza kuwa madereva waliotia maji matupu walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya ugonjwa huo, na kwamba karibu kisa kimoja kati ya vitano kingeweza kuhusishwa na kukosekana kwa dawa ya kuoshea kioo. Maji yakirushwa hugeuka matone madogo sana, nayo huvutwa kwa pumzi.

Uchafu wa Kigali nao una majira yake. Katika impeshyi, yaani kiangazi cha kuanzia Juni hadi Agosti, kioo hushika vumbi jekundu. Katika misimu ya mvua, yaani itumba, kuanzia Machi hadi Mei, na umuhindo, kuanzia Septemba, matope na moshi wa dizeli huacha utando wa mafuta ambao maji peke yake hayauondoi. Utando huo hutawanya mwanga wa taa. Gisimenti hujaa watembea kwa miguu usiku, hasa mwishoni mwa wiki, na mtu anayevuka barabara humezwa na mng'ao huo mbele ya macho ya dereva.

Kwa hiyo kinachofaa ni kimiminika cha majira ya joto: maji safi yenye dawa ya kuondoa mafuta na ya kuzuia vijidudu, bila methanoli. Dawa iliyokolezwa huchanganywa na maji yaliyotolewa madini, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, ili chokaa isizibe vitundu. Sabuni ya unga haifai, kwa kuwa mabaki yake huganda ndani ya vitundu. Sabuni ya vyombo hutoa povu na kuacha michirizi. Maji ya rejeta hayatiwi kabisa: glikoli iliyomo hupaka kioo mafuta, ni sumu, na utamu wake huwavuta watoto na mbwa. Tangi lililokaa na maji matupu kwa muda mrefu hukamuliwa lote na kusuuzwa kabla ya kujazwa upya. Mwisho hukaguliwa mipira ya waipa, kwa sababu jua la nyanda za juu huikausha na kuipasua, na mpira uliopasuka huharibu kazi ya kimiminika chochote.

Itaendelea: maji ya rejeta na sababu ya glikoli kuhitajika hata mahali pasipo na baridi.