Betri Ikiisha Kifuani

Wenzangu, betri za redio zikichoka nyumbani tunazianika juani, zikikataa kabisa tunanunua nyingine. Je, ikiwa betri yenyewe imo kifuani mwa mtu, chini ya ngozi?

Hii si hadithi ya kubuni. Wapo wagonjwa wa kifafa ambao dawa hazikuwatosha. Mwaka wa 1988, huko Marekani, mgonjwa wa kwanza alitiwa mtambo mdogo wa kusisimua neva, na mwaka wa 1997 serikali ya nchi hiyo ikauidhinisha. Mtambo hukaa chini ya mtulinga wa kushoto. Kutoka hapo waya hupanda hadi shingoni, ukazungushwa kwenye neva ya vegasi iendayo ubongoni. Kwa kawaida umeme hupita sekunde 30, kisha mtambo hupumzika dakika 5, usiku na mchana.

Miaka ikipita, betri huchoka. Haitolewi peke yake kama ya tochi, kwani imefungiwa ndani ya mtambo. Lazima ngozi ipasuliwe tena na mtambo mzima ubadilishwe. Operesheni hii ni fupi kuliko ile ya kwanza, maana waya wa zamani ukiwa mzima huachwa palepale. Lakini kisu ni kisu, na kidonda chaweza kuingia viini.

Sasa abadilishe au aache? Wengi watasema, "Si bado anaanguka? Basi mtambo haufanyi kazi!" Hapo ndipo penye kosa. Mtambo huu haukuletwa kuponya. Takriban nusu ya wanaoutumia hupata kifafa kikipungua kwa nusu au zaidi. Wanaoacha kuanguka kabisa ni wachache. Aliyekuwa akianguka mara nane kwa mwezi na sasa anaanguka mara tatu amesaidika sana, hasa ukikumbuka moto wa jikoni na maji ya mtoni, ingawa jirani anayemwona chini hajui tofauti. Hata mgonjwa mwenyewe husahau hali ilivyokuwa zamani. Ndiyo maana daftari la kuandikia kila tukio lina thamani kubwa. Kuna waliotambua faida ya mtambo baada ya betri kufa na kifafa kurudi kwa kishindo.

Lakini yuko pia ambaye sauti humkwaruza kila umeme unapopita, anakohoa, na daftari halionyeshi nafuu yoyote. Huyo hana haja ya kukimbilia kisu. Daktari anaweza kupunguza umeme, au hata kuuzima mtambo, kwa kifaa kinachowekwa juu ya ngozi tu, halafu wakangoja waone.

Akiamua utolewe, aulize habari za waya. Kovu huushika pamoja na neva, na mara nyingi madaktari huacha kipande shingoni wasije wakaijeruhi neva. Kipande hicho chaweza kuwa kizuizi siku atakapohitaji kupigwa picha ya ubongo kwa ile mashine ya sumaku kubwa.