Malipo ya Mawakili katika Kesi za Hataza zisizo na Msingi nchini Marekani

Kwa kawaida ya sheria za Marekani, kila upande katika kesi ya madai hulipa mawakili wake, awe ameshinda au ameshindwa. Nchini Uingereza, aliyeshindwa kwa kawaida hubeba sehemu kubwa ya gharama za mshindi. Katika kesi za hataza, utaratibu wa Marekani humpa nafasi mdai asiye na hoja: kwa kuwa utetezi ni ghali, mdaiwa asiye na kosa huona nafuu kulipa fedha za suluhu kuliko kungoja hukumu ya kumsafisha.

Kifungu cha 285 cha Sheria ya Hataza ya mwaka 1952 kinairuhusu mahakama, katika kesi za kipekee, kuamuru mshindi alipwe ada za mawakili zilizo za kadiri. Mwaka 2005, katika shauri la Brooks Furniture, Mahakama ya Rufani ya Shirikisho iliufinya upekee huo. Pasipo utovu wa mwenendo, mdaiwa alipaswa kuthibitisha, kwa ushahidi mzito kuliko ule wa kawaida wa madai, kwamba dai halikuwa na msingi wowote na pia lilifunguliwa kwa nia mbaya.

Tarehe 29 Aprili 2014, katika shauri la Octane Fitness dhidi ya ICON Health & Fitness, Mahakama ya Juu ilikiondoa kigezo hicho. Tangu hapo, kesi ya kipekee ni ile inayotofautiana waziwazi na nyingine, ama kwa uzito wa hoja za upande mmoja au kwa namna isiyofaa ya kuiendesha. Jaji hupima mazingira yote, na mizania ya uwezekano inatosha.

Hata hivyo, nafuu hiyo ina mipaka miwili. Kwanza, amri ya malipo haimfai mshindi iwapo mdai ni kampuni isiyo na mali zaidi ya hataza yenyewe. Muswada wa Innovation Act, uliopitishwa na Baraza la Wawakilishi Desemba 2013, ulikusudia kuwaunganisha katika shauri wenye maslahi walio nyuma ya kampuni hizo, lakini ulikwama katika Seneti. Pili, kesi iliyomalizwa kwa suluhu ya faragha kabla ya uamuzi haina mshindi wa kudai ada. Kwa hiyo, kifungu hiki humfidia mdaiwa aliyemudu kupigana hadi mwisho. Asiyemudu, ambaye ndiye windo jepesi la madai hayo, hubaki bila kinga.