Mo Amin, mpiga picha aliyeionyesha dunia njaa ya Ethiopia

Wadau, ukitaja Live Aid ya 1985 wengi watakutajia wanamuziki. Mimi namtaja Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi aliyeanzisha kampuni ya Camerapix hapa Dar mwaka 1963. Shuleni sikuwahi kumsikia! Oktoba 1984 alifika Korem, Ethiopia, na mtangazaji Michael Buerk, akarekodi watu waliokuwa wakifa njaa. BBC ikarusha, Bob Geldof akaona kwenye TV, ndo akakusanya wanamuziki. Enzi hizo hakuna simu za kamera, lazima mtu aende mwenyewe.

Mwaka 1991 ghala la silaha lililipuka Addis Ababa. Mwenzake John Mathai akafa, yeye akapoteza mkono wa kushoto. Jamaa akarudi kazini na mkono wa bandia! Alifariki 23 Novemba 1996, ndege ya Ethiopian Airlines iliyotekwa ilipoanguka baharini, Comoro.