Fahamu: NEMC ikigeuka mamlaka, kiwanda cha Arusha kijiandae vipi?

Kwa miaka kadhaa serikali imekuwa ikieleza nia ya kuigeuza NEMC, baraza la taifa la mazingira, kuwa mamlaka yenye meno zaidi. Mwenye kiwanda Njiro au Unga Limited asisubiri jina libadilike. Wajibu mwingi umo tayari katika Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Mradi mpya unahitaji cheti cha tathmini ya athari kwa mazingira. Kiwanda cha zamani hufanyiwa ukaguzi.

Kazi kubwa ni maji. Mto Themi hupita mjini, huingia Kikuletwa na hatimaye Bwawa la Nyumba ya Mungu, kwa hiyo rangi inayomwagwa Arusha ni shida ya mvuvi wa Mwanga. Kumwaga majitaka mtoni kunahitaji kibali cha Bodi ya Maji Bonde la Pangani.

Halafu kuna jambo la Mlima Meru wenyewe, ambalo wengi hulisahau: miamba ya volkano huyatia maji floridi nyingi. Pima maji yanayoingia kiwandani, si yanayotoka tu, na utunze majibu ya maabara yakiwa na tarehe. Bila hayo, utabeba lawama za mlima.