Safari ya Kilimanjaro: Moto na Barafu

Leo tunakwenda Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, iliyoanzishwa mwaka 1973. Tutafuata njia ya Marangu, maana ina vibanda vya kulala.

Nguo za baridi na maji ya kunywa, hayo mnayajua. Lakini shikeni neno hili: nendeni polepole. Kadiri mtu anavyopanda, ndivyo hewa inavyokuwa hafifu. Kijana anayekimbilia mbele ili aonekane shujaa huweza kuanguka kabla ya mzee. Ukiumwa kichwa au ukitapika, mwambie kiongozi mara moja. Hali ikizidi, dawa ni kuteremka, hata usiku wa manane. Usione haya, watu wamekufa kwa maradhi hayo.

Siku ya kwanza mnapita msituni. Siku ya pili mnafika Horombo, mita 3,720 juu ya bahari. Mkiendelea mnatokea kwenye uwanda mpana na mkavu. Simameni hapo. Kulia ni Mawenzi, mita 5,149, wenye vilele kama meno yaliyovunjika. Mbele ni Kibo, mita 5,895, wenye umbo la mviringo.

Je, mbona hawafanani? Wachaga husimulia kwamba Mawenzi alikwenda kwa Kibo kuomba moto mara kwa mara, hata Kibo akachoka, akampiga. Mimi naipenda hadithi hiyo, maana ina ukweli ndani yake. Yote miwili ni volkeno: mawe yaliyoyeyuka yalitoka ardhini kama uji wa moto, yakapoa, yakarundikana. Moto wa Mawenzi ulizimika mapema. Haukupata uji mpya wa kuziba makovu, na mvua na barafu zikautafuna. Kibo ni mdogo kwa umri, na hata leo shimo la kileleni hutoa mvuke wenye harufu ya kiberiti.

Barafu nayo hutokana na theluji iliyoshindiliwa miaka mingi. Ikiwa nzito huteremka taratibu, ikikwangua mwamba na kuburuta mawe. Zamani za baridi kali ilishuka mbali zaidi, ikaacha marundo ya mawe. Mwombeni kiongozi awaonyeshe.

Mwaka 1912 barafu ya Kibo ilienea kiasi cha kilomita za mraba 12. Kufikia mwaka 2011 hazikubaki hata 2. Wengi hudhani kwamba barafu ikiisha, mito nayo itakauka. Sivyo. Maji mengi ya mito hiyo hutokana na mvua na ukungu unaonaswa na msitu, ule mlioupita siku ya kwanza bila kuutazama.