Mfalme aliyebisha hodi Bukumbi

Kila tarehe 3 Juni tunawakumbuka Mashahidi wa Uganda. Karoli Lwanga na Kizito tunawajua kwa majina. Mfalme aliyewaua, Mwanga, tunamjua pia. Lakini je, unajua kwamba mfalme huyo aliwahi kufika huku kwetu, pwani ya kusini ya Ziwa Victoria, akiwa mkimbizi?

Mwanga alirithi kiti cha Buganda mwaka 1884, baada ya kifo cha baba yake, Mutesa. Alikuwa bado kijana sana. Mwaka uliofuata Askofu James Hannington wa Anglikana aliuawa Busoga kwa amri yake. Yosefu Mukasa, mtumishi wa ikulu aliyethubutu kumwonya, naye akauawa. Tarehe 3 Juni 1886, kule Namugongo, vijana wa ikulu wakachomwa moto wakiwa hai.

Septemba 1888 Mwanga alipinduliwa. Alivuka ziwa hadi Magu, akawa mikononi mwa wafanyabiashara Waarabu. Alipowatoroka, alikimbilia misheni ya Bukumbi, kusini mwa Mwanza. Aliokutana nao pale ni mapadre, na miongoni mwao alikuwemo Siméon Lourdel, aliyewafundisha dini baadhi ya wale waliouawa.

Hebu jiweke mahali pa padre huyo. Aliyewaua watoto wako wa kiroho amesimama mlangoni, hana jeshi, hana kiti. Ungemwambia nini?

Walimpokea. Wapo watakaosema mapadre nao walikuwa na hesabu zao, kwani mfalme akirudi, nao wangerudi. Huenda. Lakini mtu hafungui mlango wa namba hiyo kwa hesabu peke yake. Mtume Paulo, katika Warumi 12, anatuagiza kumlisha adui mwenye njaa. Hasemi tungoje kwanza abadilike.

Na Mwanga hakubadilika kwa siku moja. Alirudishwa kitini kwa msaada wa Wakristo, akaendelea na misukosuko yake. Mwaka 1897 aliwaasi Waingereza, mwaka 1899 akakamatwa na kupelekwa uhamishoni Ushelisheli. Huko ndiko alikobatizwa, akaitwa Danieri, na akafariki mwaka 1903. Waliombatiza ni Waanglikana, kanisa la Hannington yule yule. Mapadre wa Bukumbi walipanda, wengine wakavuna.

Msomaji wangu, nawe unaye Mwanga wako. Labda ni ndugu aliyeuza kiwanja cha marehemu baba, au mkwe aliyemtelekeza binti yako. Kusamehe si kusema hakuna kilichotokea. Kanisa limewasamehe wauaji, na kila Juni bado linawataja mashahidi. Aliyekukosea akibisha hodi leo, mpe kwanza maji ya kunywa. Mengine mtazungumza akiwa ameketi.