Ultrasaundi ya dharura

Ultrasaundi ya dharura ni kipimo cha picha kinachofanywa na daktari wa idara ya dharura mwenyewe, kando ya kitanda cha mgonjwa, ili kupata haraka jibu la swali moja. Aina inayojulikana zaidi huitwa kwa kifupi FAST. Hutumika kutafuta damu inayovuja ndani ya mwili wa mtu aliyeumia, kwa mfano katika ajali ya barabarani.

Umuhimu

Damu inayovujia tumboni mara nyingi haionekani kwa nje. Majeruhi anaweza kuwa anazungumza vizuri, kumbe wengu wake umepasuka. CT skani huonyesha mengi zaidi, lakini mgonjwa hupelekwa chumba kingine, jambo la hatari ikiwa shinikizo lake la damu linashuka.

Namna ya kupima

Daktari hupaka jeli kwenye ngozi na kuweka juu yake kifaa kinachotoa mawimbi ya sauti yasiyosikika na binadamu, kisha kupokea mwangwi wake. Damu iliyo majimaji hairudishi mwangwi, hivyo huonekana nyeusi kwenye skrini. Hukaguliwa sehemu nne:

- kati ya ini na figo ya kulia
- kati ya wengu na figo ya kushoto
- karibu na kibofu cha mkojo
- kuzunguka moyo

Kazi yote huchukua dakika chache. Pia mapafu yanaweza kuangaliwa ili kutambua hewa iliyovujia kifuani. Damu ikionekana tumboni na shinikizo likiwa chini, kwa kawaida mgonjwa hupelekwa moja kwa moja kwenye upasuaji.

Mipaka

Kutoonekana kwa damu si uthibitisho kwamba mgonjwa ni salama. Damu kidogo, jeraha la utumbo au damu iliyo nyuma ya tumbo vinaweza kukosa kuonekana. Kwa hiyo kipimo hurudiwa hali ikibadilika. Matokeo hutegemea pia ujuzi wa mpimaji.

Historia

Madaktari wa Ujerumani na Japani walitangulia kutumia ultrasaundi kwa majeruhi. Nchini Marekani ilienea katika miaka ya 1990. Kipimo hiki hakitumii mionzi, na mashine zake ndogo hubebeka, hivyo zinafaa hata hospitali zisizo na CT skani. Nchini Tanzania, idara ya dharura ya Hospitali ya Taifa Muhimbili ilifunguliwa mwaka 2010, na mwaka huohuo mafunzo ya udaktari bingwa wa tiba ya dharura yalianza.